Wagonjwa wa gesi na kemikali waoshwe nje kabla hawajaingizwa wodini

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme jambo ambalo nimelibeba toka nikiwa nesi na mpaka sasa nimestaafu bado halijanitoka. Spitali zetu, Unguja na Pemba, ziwekewe pahala pa kuoshea watu nje ya mlango wa dharura, penye maji ya uhakika na penye stara, kwa ajili ya siku ambayo watu wengi kwa pamoja watapata gesi au kemikali ya kuwasha. Sisemi jengo jipya wala mashine ya kuagiza nje. Nasema mifereji, mipira ya maji, mapazia, kanga na mashuka safi, na wafanyakazi wanaojua siku hiyo nani anafanya nini.

Najua wapo wakubwa wakisikia neno kemikali mawazo yao yanakwenda kwenye viwanda vya nchi za watu, wanaona huku kwetu kuna karafuu na bahari basi hayo hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Klorini ya unga tunaijua wote, kile kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitufundisha kuitumia majumbani, kwenye visima na kwenye kambi za wagonjwa. Maji ya bomba yanatiwa klorini. Mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje yana mabwawa ya kuogelea, na bwawa huwa linasafishwa kwa klorini na kutiwa asidi kwa kipimo, sasa hivyo viwili vikikaa stoo moja halafu kimoja kikamwagikia chengine, hapo hapo pana gesi. Vyumba vikubwa vya baridi na mitambo ya barafu duniani kote inatumia sana amonia, nayo ikivuja inakamata macho na koo kabla hujajua imetoka wapi. Na madukani, iwe Darajani au Chake, mtu ananunua dawa ya chooni ya asidi na chupa ya jiki, ambayo nayo ni klorini ya maji, anatiliwa kwenye mfuko mmoja, anaondoka zake, na hakuna anayemwambia hivi viwili usije ukavichanganya.

Nieleze nililoliona kwa macho yangu, na spitali siitaji wala skuli siitaji, kwa sababu sitaki ionekane nawasema wao peke yao wakati hali ndo hiyo hiyo kila pahala.

Ilikuwa siku ya usafi kwenye dakhalia, yaani bweni, ya wasichana. Vyoo vimechafuka, mtu kamimina dawa ya chooni ya asidi ndani ya ndoo, kaona haitoshi, akaongeza na klorini ya unga humo humo akidhani dawa mbili zitasafisha kuliko moja. Pale pale ndoo ikaanza kutoa moshi wa kimanjano na harufu ya kukata pumzi, watoto wakakimbia, wengine wakakimbilia ndani kwenye vyumba badala ya kutoka nje, wengine wakakaa chini kwenye korido wakikohoa. Na gesi ya klorini ni nzito, inakaribia mara mbili na nusu ya uzito wa hewa, haipandi juu, inatambaa chini na kujaa kwenye mabonde na pembe za vyumba, kwa hivyo hao waliokaa chini ndo walioivuta zaidi.

Mwalimu kampigia sheha, sheha kampigia mtu wa gari, mtu wa gari kaja na pikapu. Sisi kule spitali hatujaambiwa kitu mpaka pikapu iko getini inapiga honi, watoto wamejaa nyuma macho mekundu, machozi na kamasi zinatoka, wanakohoa mpaka wanatapika. Nyuma yake bodaboda, nyuma yake gari ya abiria, na nyuma ya gari ya abiria wazee wao, maana kwetu mtoto mmoja akiugua mtaa mzima unatoka. Tukawaingiza wote ndani. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya eesii (kiyoyozi), vitanda haviwatoshi wakakaa wawili wawili na wengine sakafuni.

Kuna mtoto mmoja simsahau, sketi yake ilirukiwa na yale maji ya kwenye ndoo kuanzia magotini kushuka chini. Tumemlaza, tumemtia mpira wa oksijeni puani, tumempima mapigo, tumeandika kadi, na ile sketi bado iko mwilini imerowa inamuunguza miguu na inatoa harufu kitanda kizima. Hakuna aliyemvua. Na hakuna aliyemvua kwa sababu chumba kimejaa wanaume, walimu, madereva, kina baba, kina kaka, pazia hakuna, na mtoto mwenyewe kaikamata sketi yake kwa mikono miwili hataki iguswe. Nesi mwenzangu aliyekuwa amemuinamia akaanza na yeye kukohoa na macho kumtoka machozi ikabidi atoke nje. Waliotuokoa ni wazazi, wanawake wawili walivua kanga zao za juu wakazishika zikawa pazia, mmoja akachota maji kwenye simtangi nyuma ya jiko kwa ndoo na kopo, wakamvua wakamwagia maji mengi miguuni, na ndipo wengine nao wakaanza kutolewa nje mmoja mmoja kuoshwa macho. Alhamdulillahi wote walirudi majumbani kwao. Lakini kazi iliyotakiwa kufanywa na spitali dakika ya mwanzo ilifanywa na kina mama wasiolipwa, na kwa kuchelewa.

Sasa kwa nini maji na kwa nini nje. Klorini ikikutana na umaji maji wa jichoni, puani, kooni inageuka asidi hapo hapo, ndo maana inauma vile, na haina dawa ya kuifuta kama vile sumu nyengine zenye dawa yake. Matibabu yake ni kumtoa mtu kwenye gesi, kumvua nguo zilizopata, kumuosha, kumpa oksijeni na dawa ya mvuke ya kufungua kifua kama wanayopewa wagonjwa wa pumu, na kumuangalia. Macho yanaoshwa kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, si kunawishwa mara moja na kupanguswa. Kumvua mtu nguo peke yake kunaondosha sehemu kubwa sana ya kemikali iliyomshika mwilini, kabla hata hujamwaga tone la maji. Aliyevuta gesi tupu mara nyingi haleti khatari kubwa kwa wengine, lakini aliyerukiwa na maji yake au unga wake anakuja nayo mpaka wodini, na kwenye chumba kilichofungwa madirisha anaigawa kwa mgonjwa wa kitanda cha pili aliyelazwa na homa zake.

Mabomu ya machozi ni vivyo hivyo, na watu wazima wa huku hawahitaji kuelezwa yakoje. Watu wanayaita gesi lakini ile ni chembe chembe, ni unga laini, unakaa kwenye nywele, kwenye ushungi, kwenye buibui, kwenye mikunjo ya nguo. Kwa mtu mzima mwenye afya akitoka kwenye upepo mara nyingi baada ya nusu saa hivi anapata nafuu, lakini mwenye pumu, kitoto kichanga, mzee wa presha, hao khabari yao ni nyengine kabisa. Mimi siingii kwenye nani kapiga na nani kapigwa, spitali kazi yake ni kumpokea anayekuja, na anayekuja na unga kwenye buibui akiingizwa moja kwa moja wodi ya wazazi basi na mama aliyejifungua jana na mwanawe watavuta.

Na hapa ndo nataka wanaopanga mambo wanisikilize vizuri, hili suala la stara. Vitabu vya wenzetu vinasema mvue mgonjwa, mpitishe kwenye maji, mpe nguo nyengine, basi, mstari mmoja. Kwetu huo mstari mmoja ndo penye kazi yote. Mwanamke wa Kipemba hatovua buibui uani kwa watu wazima wanamtazama, hata akiwa anaungua, na mumewe au kaka yake hatokubali, na nesi akilazimisha patatoka ugomvi na muda unakwenda. Si ujinga, ni heshima yake na ana haki nayo hata akiwa mgonjwa. Kwa hivyo lazima pawe na pande mbili, ya wanawake na ya wanaume, mapazia mazito yasiyoonyesha mtu akisimama na jua nyuma yake, wanawake wawahudumie wanawake, na akitoka tu upande wa pili anakuta kanga mbili kavu na mtandio. Mwanamme kikoi au shuka. Nguo zake zinatiwa kwenye mfuko wa plastiki unafungwa unaandikwa jina, na simu yake na pesa zake na dhahabu zake zinatiwa mfuko mwengine mbele ya macho yake, maana mtu akiona bangili zake zinachukuliwa bila kuandikwa na hilo pia litamfanya akatae. Watu wakiona pameandaliwa watavua wenyewe, nina hakika na hili, nimewaosha watu maisha yangu yote ya kazi najua wanachoogopa.

Tena ni kwa ajili ya wafanyakazi pia. Mjini Tokyo, Japani, tarehe 20 Machi 1995, watu walitia sumu inayoitwa sarini kwenye treni za chini ya ardhi. Ile si ya kuwasha kama klorini, ni sumu kali zaidi inayokamata mishipa ya fahamu, lakini yaliyotokea spitali ni somo kwa kila mtu. Spitali moja tu, ya St. Luke's, siku ile ilipokea watu 640, na wengi wao hawakuletwa na gari ya wagonjwa, walikuja kwa miguu, kwa teksi, kwa gari za wapita njia. Hawakuoshwa kabla ya kuingia. Baadae walipoulizwa wafanyakazi, 110 walisema na wao walipata dalili, macho kuona kiza, kichwa kuuma, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa kwenye kanisa la ndani ya spitali lililogeuzwa wodi, kwa sababu hewa yake haikuwa ikipita vizuri. Kwa upande mwengine spitali ile ilikuwa na jambo la kuigwa, mkuu wake mzee Shigeaki Hinohara alikuwa ameijenga na mipira ya oksijeni ukutani mpaka kwenye makorido na humo kanisani, akiwaza siku ya maafa, na siku ya maafa ikaja akaamrisha milango ifunguliwe kwa wote. Alifikiri mapema kabla, ndo ninachokiomba na hapa.

Hilo la watu kuja wenyewe tulizingatie sana. Sisi gari ya wagonjwa ni chache, kwa hivyo watakuja na bodaboda, na daladala, na mgongoni kwa mtu, na watakaofika mwanzo ni wale wanaoweza kutembea, wanaopiga kelele, wanaolia. Hao wakijaza vitanda, yule asiyeweza hata kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi atakuja kwa kuchelewa akute hakuna nafasi na hakuna mtungi. Kwa hivyo mtu wa kwanza siku hiyo ni mlinzi wa getini. Ndiye atakayefunga geti la ndani, atakayewaelekeza kwenye mapazia, atakayewazuilia jamaa nje kwa maneno mazuri. Nauliza, yupo mlinzi wa spitali yoyote aliyewahi kufundishwa hili? Semina zinafanywa wanaitwa madaktari na manesi, mlinzi anabaki nje analinda viatu vyao.

Na jamaa wa wagonjwa wapewe mtu wa kuwapa khabari kila baada ya muda, mwenye orodha ya majina. Waliokuwepo Unguja siku ile ilipozama meli ya abiria MV Spice Islander, 10 Septemba 2011, wanajua hali ya watu wanaotafuta mtu wao na hakuna anayewajibu. Mtu asiyejibiwa atasukuma mlango, na mimi simlaumu.

Kuna jambo jengine dogo ila linaniuma. Mtu akipata sumu yoyote kwetu sharti maziwa. Siku ile ya dakhalia walikuja watu na makopo ya maziwa na tui la nazi, wanawanywesha watoto ambao wanakohoa na kutapika. Mtoto anayekohoa vile ukimnywesha anaweza kupaliwa yakaingia njia ya hewa, na maziwa hayaendi kwenye mapafu kuosha gesi, kilichoumia ni mapafu na macho si tumbo. Wengine wanawapaka mafuta kwenye ngozi iliyorukiwa, na hilo nalo linazuia kuosha. Masheha na maimamu wangetusaidia sana kulisema hili, watu wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Pia watu wasiharakishwe kurudishwa nyumbani. Mtu aliyevuta klorini nyingi anaweza kuonekana kapata nafuu, kikohozi kimepungua, anataka kuondoka, halafu baada ya masaa kadhaa mapafu yanaanza kujaa maji usiku yuko kijijini kwao. Aliyepata pumzi moja mbili akakohoa kidogo huyo mpe maelezo aende, lakini aliyebanwa kifua, mwenye pumu, mja mzito, mtoto mdogo, abaki aangaliwe mpaka kesho yake. Na anayekwenda apewe maelezo kwa mdomo na kwa karatasi, ukianza kubanwa usingoje asubuhi.

Mwisho kuhusu bandari. Tarehe 27 Juni 2022 kwenye bandari ya Aqaba, Jordan, tangi la klorini lilikuwa linapandishwa melini kwa kreni, waya ukakatika, tangi likaanguka likapasuka, wingu la manjano likafunika gati zima na watu wakawa wanakimbia. Walikufa watu 13 na zaidi ya 250 wakaumia. Sasa tazama bandari yetu ya Malindi, Unguja, gati liko hapo, Mji Mkongwe uko hapo, boti zinashusha abiria hapo hapo, na spitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali. Tazama Mkoani, Pemba, meli inafunga abiria na mizigo pamoja, madumu yanashuka kwenye bega la mchukuzi asiyejua ndani mna nini, na anayemsubiria ndugu yake yuko hatua chache. Sisemi matangi makubwa kama yale yanapita kwetu kila siku, hata dumu moja kwenye gati lenye watu mia tatu linatosha kuijaza spitali ya wilaya.

Kwa hivyo ninachoomba kwa Wizara ya Afya na kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ni mambo yanayofanyika mwaka huu huu. Kila spitali ipige mfereji na mipira ya maji nje ya mlango wa dharura, upande ambao upepo hauingizi hewa ndani, na huku kwetu kaskazi na kusi zinabadilika kwa hivyo pawe na pande mbili za kuchagua. Simtangi lake liwe peke yake lisitegemee maji ya bomba ambayo siku yanakatika, na maji machafu yawe na pa kwendea yasirudi kisimani. Kabati la mapazia, kanga, vikoi, mifuko, sabuni, barakoa nzuri, glavu nzito na aproni za plastiki, na ufunguo ukae kwa mlinzi na kwa nesi wa zamu, usikae kwa mtu wa stoo anayeondoka saa tisa na nusu. Wakuu wa maskuli, mahoteli na bandari wapewe namba ya simu ya moja kwa moja ya chumba cha dharura cha spitali yao, wakishaita zimamoto kwa 114 waipige na hiyo, waseme ni nini kimemwagika na watu wangapi wanakuja, na kopo au lebo ya hiyo dawa ipigwe picha itumwe, isibebwe kuja nayo. Halafu wafanye zoezi, si la kupiga picha na wageni, zoezi la usiku siku ambayo wako manesi wawili tu zamu, maana maafa hayaji saa za ofisi.

Mimi na wenzangu wachache wastaafu tuko tayari kuja kufundisha kuosha na kuvua kwa stara, bila posho, spitali yoyote ya Pemba itakayotuita, na naomba ianze ya Mkoani kwa sababu ya gati. Wizara ikitaka kunijibu inaweza kunijibu kupitia ukurasa huu huu.

Wabillahi tawfiq.

Nesi mstaafu,
Chake Chake, Pemba